Hizi stika za "mtu mweusi midomo mikubwa" mnazotumiana zimenichosha!

Wakuu, nimevumilia weee, leo acha niseme.

Kwenye grupu letu la kazini kuna stika inazunguka tangu wiki iliyopita. Uso mweusi tii kama masizi, macho yamemtoka kama mayai ya kuchemsha, midomo myekundu imevuka mashavu, karibu ifike masikioni. Mtu akichelewa kikao, anarushiwa hiyo. Akipiga picha kwenye mwanga hafifu, hiyo hiyo. Na wanaoirusha si Wazungu! Ni sisi kwa sisi, weusi watupu, tunachekana mpaka machozi.

Nikauliza kwa upole kama wanajua imetoka wapi. Nikajibiwa: "Mkuu punguza makasiriko, ni utani tu."

Utani wa nani? Miaka ya 1830 kule Marekani, Mzungu mmoja aitwaye Thomas Rice alikuwa akijipaka usoni masizi ya kizibo kilichochomwa, anavaa matambara, anapanda jukwaani kuruka ruka akijifanya mtu mweusi, jina lake Jim Crow. Kumbi zikajaa. Wenzake wakaiga, wakaongeza midomo, wakaongeza macho, wakaongeza uvivu na ujinga. Wakati wanacheka, wanaochekwa walikuwa bado wanauzwa mnadani. Na jina hilo hilo, Jim Crow, ndilo baadaye likabandikwa kwenye sheria za kuwatenga weusi. Hiyo ndiyo stika yako.

Kutoka jukwaani sura ikahamia kwenye katuni, midoli, mpaka bidhaa za dukani. BBC walirusha kipindi cha waimbaji waliojipaka weusi kuanzia 1958 hadi 1978, miaka 20! Kuna dawa ya meno iliuzwa Asia kwa jina la Darkie, neno la Kiingereza la kumdharau mtu mweusi. Mwaka 1989 wakabadilisha herufi moja ikawa Darlie, wakajiona wamemaliza kazi. Kumbe jina la Kichina likabaki vile vile, "dawa ya meno ya mtu mweusi", kwa zaidi ya miaka 30 mingine.

Ila kinachoniuma kuliko vyote ni habari ya Bert Williams. Huyu alikuwa mchekeshaji mkubwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, na alikuwa mweusi wa kuzaliwa. Bado akawa anajipaka masizi. Yaani weusi wake haukuwatosha watazamaji, walitaka ule wa kwenye kopo. Yule angalau bila masizi jukwaa lilikuwa gumu kulipata. Wewe uliyejilaza kitandani saa nne usiku unatafuta stika ya kumchekea mwenzako, nani kakulazimisha?

Halafu msijifanye hamjui inamwangukia nani. Kwenye grupu kuna dada ambaye ni mweusi kutuzidi wote. Stika haijawahi kutumwa bila jina lake kutajwa, hata kama hakuwepo kwenye mazungumzo. Yeye hujibu kwa vikatuni vya kucheka, viwili vitatu, basi. Juzi nikaona ameitoa picha yake ya wasifu, ameweka ua.

Leo saa moja asubuhi karushiwa tena, safari hii imeandikwa "Jumatatu njema". Amejibu kwa kikatuni kimoja.