Nimejaza ritani imeleta deni kubwa na hela sina, nifanyeje?

usiku_mrefu
Habari zenu wakuu. Mwaka jana wote nilikuwa na kazi mbili, moja ya kudumu mchana na nyingine masaa machache jioni, na kote kote walikuwa wananikata kodi kabla mshahara haujaingia. Sasa najaza ritani, ile fomu ya kodi ya mwaka ya kutaja mapato yote, naona mfumo unasema nadaiwa, tena ni zaidi ya mshahara wangu wa mwezi. Nilidhani nikishakatwa ndo imeisha hiyo. Sijaituma bado, naogopa kubonyeza maana nikituma ni kama nimekubali deni na hela ya kulipa sina kabisa. Kuna mtu kaniambia niache tu tarehe ipite mpaka nijipange, mwingine anasema nikope kwenye app za simu nimalize. Nishaurini jamani, hata usingizi sipati.

hesabu_ni_hesabu
Pole sana ndugu. Kwanza ujue hiyo inawapata wengi wenye kazi mbili na mara nyingi hakuna aliyekosea. Kila mwajiri anapiga hesabu kana kwamba yeye peke yake ndo anakulipa, kwa hiyo kila mmoja anakupa lile fungu la mwanzo lisilotozwa kodi halafu anaanzia kiwango cha chini. Ukija kujumlisha mishahara yote kwenye ritani, lile fungu unapewa mara moja tu, na kipande cha juu kinaangukia kiwango kikubwa zaidi. Hiyo tofauti ndo hilo deni.

Ila kabla hujakubali, chukua karatasi za makato za waajiri wote wawili uzilinganishe na ulichojaza, mstari kwa mstari. Kuna wakati kipato cha kazi ya pili kimeingia kwenye mfumo lakini kodi uliyokatwa huko haijaingia, hapo utaonekana unadaiwa hela ambayo ulishalipa. Angalia pia kama kuna nafuu unastahili hukuijaza, kama vile michango ya pensheni.

bi_tausi
Mwanangu TUMA hiyo ritani. Huyo aliyekwambia uache tarehe ipite anakupoteza. Kutotuma ritani ni kosa lake na kutolipa ni kosa lake, na nchi nyingi zinaadhibu kila moja peke yake. Marekani kwa mfano, ukichelewesha ritani unapigwa 5% ya deni kwa kila mwezi mpaka ifike 25%, lakini ukituma kwa wakati ukachelewa tu kulipa ni 0.5% kwa mwezi. Mara kumi! Kwako viwango vitakuwa vingine, ila kutuma hakuhitaji hela, kwa hiyo hiyo adhabu unaikwepa bure.

Ukishatuma lipa chochote ulichonacho hata kama ni kidogo, maana riba inahesabiwa kwenye kinachobaki, halafu omba mamlaka ya kodi ulipe kwa awamu kabla hawajaanza kukutafuta. Usiende mikono mitupu ukawaambia tu sina. Andika mshahara, kodi ya nyumba, chakula, nauli, ada za watoto, ubaki na ile hela ambayo kweli unaweza kuitoa kila mwezi, hiyo ndo uwatajie. Watu wanaahidi kikubwa kwa sababu ya woga, mwezi wa tatu wanashindwa, mpango unavunjwa na deni lote linadaiwa kwa mpigo. Na uliza wazi kama riba inaendelea wakati unalipa awamu, mara nyingi inaendelea.

kalamu_nyekundu
Naunga mkono bi tausi. Kuhusu zile app, piga hesabu ya riba yao kwa mwaka mzima siyo kwa wiki, karibu kila mara ni kubwa kuliko riba ya mamlaka ya kodi, na utakuwa umehamisha deni tu kwa mtu asiye na subira. Na akija mtu kukwambia anajuana na wahusika umpe kitu kidogo deni lipunguzwe, kimbia. Hela ya kodi inalipwa kwenye akaunti rasmi ya serikali na unapata risiti.

usiku_mrefu
Asanteni sana, nimepumua kidogo. Nimecheki karatasi, kodi ya kazi ya jioni kweli haikuwemo yote, kuna miezi inakosekana. Nikiirekebisha deni linapungua lakini haliishi. Sasa hapo naweka pingamizi au naomba awamu?

hesabu_ni_hesabu
Kama hujatuma, rekebisha hapo hapo kwenye ritani utume na vielelezo uvitunze, pingamizi halihitajiki. Pingamizi ni pale ambapo mamlaka ya kodi wameshakuletea makadirio yao, yaani hesabu yao ya kodi unayodaiwa, na huyakubali, na lina muda wake, Kenya na Tanzania ni siku 30 tangu upokee. Awamu ni kwa ajili ya kiasi unachokubali ila hela huna. Usiweke pingamizi kwa sababu ya kukosa hela, watalikataa na muda utakuwa umekwenda.

Kingine, ongea na mwajiri wa jioni leo leo, muulize kama anaweza kukukata bila kukupa lile fungu la mwanzo. Mshahara utapungua kidogo, lakini ukiacha hivyo hivyo mwakani linakuja deni jipya juu ya awamu, na sehemu nyingi deni jipya linavunja makubaliano ya zamani.