Mrejesho: Mkandarasi wa bwawa la kuogelea nimempata

Wakuu, niliomba ushauri nimchague nani kati ya makandarasi watatu wa kunijengea bwawa uani, huku Mbweni. Mita 8 kwa 4, kina cha wastani 1.4, yaani kama lita 45,000.

Wa bei chee nimemwacha. Nilimuuliza masika maji ya ardhini yakipanda itakuwaje, akajibu zege litayazuia. Jamani! Bwawa likiwa tupu na maji yamejaa chini yake, linaweza kusukumwa juu likapasuka. Niliyemchukua alichimba kwanza shimo la majaribio tuone maji yako kina gani, ndipo akataja bei, na kwenye mchoro ameweka vali ya kupunguza shinikizo sakafuni. Usajili wake nimeuhakikisha Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Malipo ni kwa hatua.

Zege limeshakauka, sasa tumejaza maji kabla ya marumaru. Kwenye ngazi ya bwawa tumeweka ndoo ya maji, tukapiga mistari ya penseli ndani na nje ya ndoo, pale maji yalipofika. Maji ya bwawa yakishuka kuliko ya ndoo, hapo si jua, linavuja. Mpaka leo yanakwenda sawa.

Aliyesema nikaulize wateja wake wa zamani, ubarikiwe. Mama mmoja alisifu kazi yote isipokuwa pampu, inanguruma chini ya dirisha la chumbani. Yangu nimeihamishia nyuma ya stoo. Picha zinakuja marumaru zikianza.