RAV4 ya 2001 inakula oili: niitengeneze au niiuze?

Mkazi wa Tabata

Habari za kazi, wakuu. Naomba ushauri kuhusu Toyota RAV4, ile tunayoiita Kilitime, ya mwaka 2001, injini ya 1ZZ ya lita 1.8, namba B. Ndilo gari letu pekee. Linapeleka watoto shule, linampeleka mama mkwe kliniki Muhimbili, na kila Desemba linatufikisha Moshi.

Kwa muda sasa linakula oili, karibu lita nzima kwa kila kilomita 1,000. Nikikaa kwenye foleni ya Buguruni kisha nikakanyaga mafuta, nyuma unatoka moshi wa buluu hadi wenye bodaboda wananipungia mikono. Halichemshi. Bushi na shokapu za mbele nimeshabadilisha, na chini, upande wa nyuma, kumeanza kuonekana kutu. Fundi wangu anasema niweke injini nyingine ya mtumba kwa milioni 2.5 pamoja na ufundi, ilhali dalali anataka kulichukua kama lilivyo kwa milioni 7. Mume wangu yuko kikazi Mtwara, kwa hiyo likizima usiku barabarani, ni mimi na watoto. Mngekuwa ninyi, mngefanyaje?

Hesabu Kwanza

Pole, dada. Watu wengi hulinganisha gharama ya matengenezo na bei ya gari lenyewe, na mimi naona hapo ndipo hesabu inapoharibika. Linganisha matengenezo na pengo lililopo kati ya fedha utakayopewa na fedha utakayotoa kununua gari jingine unaloweza kuliamini. Ukipokea milioni 7, na gari dogo la hali njema likakugharimu milioni 18, uamuzi wako ni wa milioni 11, na injini ya milioni 2.5 haionekani tena kuwa ghali.

Usisahau kwamba ukiagiza Japani, gari lenye umri wa zaidi ya miaka 10 linaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, na la miaka 8 hadi 10 asilimia 15, juu ya kodi nyingine zote. Pitia kikokotoo cha kodi cha TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, kabla hujapenda picha za gari lolote mtandaoni. Kwa upande mwingine, ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa 2017, kwa hiyo gari likikaa nyumbani halili fedha kama zamani. Kinachokula ni gereji.

Binti Kigamboni

Mimi naona hesabu zenu zinamsahau mwenye gari. Mama aliye peke yake na watoto hapaswi kuendesha huku jicho moja likiwa kwenye taa ya oili. Kuhusu Moshi, mabasi yapo. Zaidi ya kilomita 500 kwa gari linalotoa moshi ni kutafuta kulala Korogwe bila kupanga. Auze.

Fundi Mstaafu

Dada, usinunue injini kabla ya kupima hiyo uliyo nayo. Injini za 1ZZ za miaka hiyo ya mwanzo zina ugonjwa unaojulikana: matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni ni madogo, yanaziba kwa masizi, ringi za oili zinaganda, na oili inapanda kuunguzwa pamoja na petroli. Toyota walikuja kuzibadilisha pistoni hizo baadaye. Kwa hiyo ukiletewa injini ya mtumba ya miaka ileile, unaweza kulipa milioni 2.5 ukanunua ugonjwa uleule. Muuzaji akishindwa kukuonyesha kwamba ni ya toleo la baadaye, mwachie.

Pia angalia moshi unatoka wakati gani. Ukitoka baada ya kusimama muda mrefu, kisha ukakatika ukishashika mwendo, kwanza shuku sili za valvu, vile vipira vinavyozuia oili kupenya kwenye valvu, ambavyo ni kazi ndogo kuliko kubadilisha injini. Ukiendelea kufuka njia nzima, hizo ni ringi. Omba upimiwe kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, kwenye silinda zote nne, na valvu ya PCV, ile inayotoa mvuke ndani ya injini, ikaguliwe, maana hiyo ni spea ndogo ambayo mafundi wengi wanairuka. Uliza vilevile kama termostati, kifaa kinachodhibiti joto la injini, ipo. Hapa mjini imekuwa mazoea kuing'oa, eti gari lipoe.

Ila mimi moshi haunitishi kama ile kutu uliyoitaja kwa sentensi moja. RAV4 haina chasisi ya kujitegemea kama Land Cruiser. Bodi ndiyo chasisi. Lipandishwe juu, kisha fundi achukue bisibisi na kuchokonoa pale mikono ya nyuma, vyuma vinavyoshika magurudumu, inaposhikiliwa na bodi. Bati likigonga kwa sauti ya chuma, tengeneza injini uendelee kulitumia. Bisibisi ikizama, usitie hata shilingi kwenye injini. Watakuambia watachomelea, lakini bati lililooza halishiki weldingi, na ukipiga shimo moja kwa mwendo wa barabara kuu, mkono unaweza kuachia.

Mkazi wa Tabata

Nashukuru sana, wakuu. Nimelipeleka kwenye gereji nyingine. Kompresheni ni nzuri na inalingana kwenye silinda zote, na fundi anaamini ni sili za valvu pamoja na PCV. Lakini upande wa kulia nyuma bisibisi imezama, na fundi mwenyewe akaninyamazia. Nimekubali kuliuza, na Desemba hii tutapanda basi. Je, nitengeneze sili kwanza ili bei ipande? Na dalali anasema kuhamisha umiliki si lazima kwa sasa, eti mnunuzi atashughulikia mwenyewe.

Fundi Mstaafu

Usitengeneze. Mwambie mnunuzi ukweli wa kutu na umpe majibu ya kompresheni. Anayelitaka kwa ajili ya kulikata spea atazingatia injini nzima, giaboksi, milango na taa, na huenda akakupa bei inayokaribia ile ya dalali. Kulificha tatizo na kumuuzia mwenye familia nyingine, hapana.

Hesabu Kwanza

Kuhusu umiliki, dalali asikudanganye. Hata likiuzwa kwa ajili ya spea, andikeni mkataba wa mauziano mbele ya wakili, chukua nakala ya kitambulisho na TIN (namba ya mlipakodi) ya mnunuzi, na uhamisho ukamilike TRA kabla ya kukabidhi kadi halisi ya gari. Namba ikibaki kwa jina lako, kila kosa la barabarani, Sh 30,000 kwa kosa moja, litasomeka kwako, na likigonga mtu, wa kwanza kutafutwa ni wewe. Hakiki pia kama kuna faini za zamani ambazo hazijalipwa, kwa sababu mnunuzi makini ataziona na kuzikata kwenye bei.