Kuhamisha mashine pepe za Kubernetes zikiwa hai: mbona etcd ilibadilisha kiongozi?

mtunza_seva_igoma
Habari za kazi, wakuu. Hapa Mwanza ninatunza seva tatu za Proxmox (programu ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu ndani ya seva) zenye klasta ya Kubernetes (mfumo wa kuendesha programu kwenye mashine nyingi kwa pamoja), kila seva ikibeba mashine pepe moja ya uongozi na moja ya kazi. Klasta hiyo hupokea uzito wa magunia ya dagaa kutoka kwenye mizani za Mwaloni Kirumba. Jana nilitaka kubadilisha feni ya seva moja, nikahamisha mashine zake zote mbili bila kuzizima. Ya kazi ilihama salama. Ya uongozi, yenye RAM ya GB 16, ilichukua zaidi ya dakika nne, kisha etcd (hifadhidata ya klasta, yenye nakala kwenye kila mashine ya uongozi na kiongozi mmoja kati yake) ikabadilisha kiongozi na amri za kubectl (za kusimamia klasta) zikakwama kwa sekunde kadhaa, ingawa mizani hazikusimama. Nimekosea wapi?

fundi_wa_nyegezi
Mizani hazikusimama kwa sababu programu zilizokwisha kuanza hazipitii etcd. Tofauti iko kwenye subira: mashine ya kazi hutoa taarifa kila sekunde 10 na husubiriwa sekunde 40 au zaidi kabla ya kuhesabiwa kuwa haipo, lakini kwa mpangilio wa kawaida etcd hungoja taarifa ya kiongozi milisekunde 1000 tu, kisha huitisha uchaguzi. Wakati wa kuhama, RAM hunakiliwa huku mashine ikifanya kazi, kurasa (vipande vya RAM) zilizobadilika hunakiliwa tena, na mwishoni mashine husimamishwa kidogo ili masalia yavuke. Kurasa zikibadilika haraka kuliko kebo inavyobeba, Proxmox huongeza muda huo wa kusimama hatua kwa hatua mpaka uhamisho ukamilike. Je, kebo yako ni ya gigabiti ngapi?

mtunza_seva_igoma
Ni ya gigabiti moja, na diski za pamoja zinapita humohumo.

dada_wa_mitandao
Basi chanzo ni hicho. Kunakili GB 16 mara moja tu kwenye kebo hiyo huchukua zaidi ya dakika mbili, hata kama haina mzigo mwingine. Utengee uhamisho mtandao wake, na kabla ya kuhamisha mashine iliyo kiongozi, ukabidhi uongozi kwa mwenzake kwa amri ya etcdctl move-leader. Kwa kazi fupi kama ya feni, mimi huizima kabisa mashine ya uongozi, maana mbili zilizobaki bado ni wengi kati ya tatu. Lakini usiguse seva nyingine mpaka hiyo irudi na kuwafikia wenzake.

mtunza_seva_igoma
Nashukuru sana, dada. Feni ya seva ya pili nitaibadilisha Jumapili usiku kwa utaratibu huo, nami nitaleta kumbukumbu za etcd hapa.