Kigoma kuwa nyuma: ni umbali au ni maamuzi ya watu?

Wakuu habari za mida hii. Kila tukiongelea kwa nini Kigoma iko nyuma lazima atokee mtu aseme "nyie ni mwisho wa reli, mko mbali na bahari, mngefanyaje". Mi hiyo hoja naikataa, karibuni tubishane.

Reli imefika hapa 1914, kajenga Mjerumani. Kama jiografia ndo kila kitu, mji wenye reli zaidi ya miaka mia na ziwa linalogusa nchi nne (sisi, Congo, Burundi na Zambia) ulitakiwa uwe wapi leo? Ila angalia hiyo reli ilipewa kazi gani. Mwingereza alipoichukua nchi akaifanya Buha (huku kwetu Kigoma, nchi ya Waha) kuwa sehemu ya kuchota vibarua, mazao ya biashara hakuyasukuma huku maana mtu mwenye hela shambani kwake haendi kukata mkonge Tanga, halafu akaweka kodi ambayo lazima uilipe kwa pesa taslimu, basi babu zetu wakawa wanaondoka kwenda umanamba. Huo sio mlima wala ziwa, kuna watu walikaa ofisini wakaamua. Na baada ya uhuru je? Mji umeendeshwa na majenereta ya dizeli mpaka miaka hii ya 2020 ndo gridi ya taifa inatufikia. Kiwanda gani kingekuja?

Mdau Kasulu: Umeongea vizuri ila umbali una bei yake kaka. Dar mpaka hapo stesheni ni kama kilomita 1,250, kila mfuko wa simenti unabeba hiyo nauli, hata uweke viongozi waadilifu kiasi gani. Halafu soko letu la asili liko ng'ambo ya ziwa, Kalemie na Uvira huko Congo, na huko vita vinaisha vinaanza. Uswisi nayo haina bahari, lakini kapakana na Ujerumani, Ufaransa na Italia, anamuuzia mtu mwenye hela. Sisi tumepangiwa majirani.

Mleta mada: Botswana je? Uhuru 1966, haina bahari, maskini wa kutupwa, imebanwa na makaburu upande mmoja na Rhodesia upande wa pili. Almasi zikaonekana Orapa 1967, serikali ikakomaa na kampuni ya almasi ya De Beers mpaka wakawa nusu kwa nusu kwenye kampuni, hela ikaenda kwenye shule na barabara. Congo ana madini kuliko yeye, mbona hali ni ile?

Mdau Kasulu: Almasi unaipakia kwenye ndege mkuu! Za mwaka mzima hazijazi hata behewa moja. Sisi tunauza dagaa, chumvi ya Uvinza na mawese, vitu vizito vya bei ndogo. Usilinganishe. Labda reli mpya ya SGR ya Tabora mpaka Kigoma ikiisha, zile kilomita 506, ndo tutajua ubishi huu mshindi nani.

Mama Mawese, Mwandiga: Wanangu mmeyataja mawese halafu mkayasahau. Mchikichi ni mti wa Afrika, Malaysia walianza kuulima kibiashara 1917, sisi wazee wetu walikuwa wanakamua zamani. Malaysia kuna bahari sawa, lakini bahari haioteshi mchikichi. Wao walitafiti mbegu, wakapanda tenera, ile inayopatikana ukichanganya yenye gamba nene (dura) na isiyo na gamba, ina mafuta mengi, 1956 wakaunda shirika la FELDA ikagawa mashamba kwa watu wasio na ardhi, na kiwanda kiko jirani na shamba maana chikichi ikishakatwa haingoji. Huku miti mingi bado ni ya kurithi, dura tupu, miche ya tenera kutoka kituo cha utafiti cha Kihinga imeanza kusambazwa kwa nguvu kuanzia 2018. Mimi nimepanda. Sasa hapo Kasulu niambie, hiyo miaka yote mbegu ilizuiwa na umbali gani?

Mdau Kasulu: Mbegu nakubali mama. Ila hayo mafuta ukishakamua utayauza wapi, na kwa nauli ya nani?

Mama Mawese, Mwandiga: Nchi inaagiza mafuta ya kula kwa meli kutoka huko huko Malaysia na Indonesia, yanavuka bahari nzima. Anzia hapo kunihesabia nauli.