Themu inadai sasisho lakini faili zake zimeshaguswa, nianzie wapi?

njiro_web:
Wakuu, salaam. Kuna tovuti ya WordPress ya kampuni ya utalii hapa Arusha, iko kwenye hosti ya cPanel (paneli ya kusimamia hosti). Aliyeitengeneza alihariri faili za themu (kifurushi cha muonekano wa tovuti) moja kwa moja: header.php, functions.php, style.css, na huenda nyingine. Sasa themu ina sasisho la usalama. Nikisasisha, mabadiliko yanafutika. Nisiposasisha, tundu linabaki wazi. Themu mtoto naijua kwa jina tu.

kibosho_dev:
Mkuu, usibonyeze bado. Sasisho haliunganishi faili za zamani na mpya, linaondoa folda nzima na kuweka nyingine. Chukua bakapu ya wp-content na ya hifadhidata (phpMyAdmin, Export), uzishushe kwenye kompyuta yako. Bakapu inayolala kwenye seva ileile itakufa nayo.

Kisha jua kilichoguswa, usikisie. Juu ya style.css pana Version. Tafuta themu safi ya toleo hilohilo, si jipya. Ukilinganisha na jipya, mabadiliko ya mtengenezaji wa themu yatajichanganya na ya kwenu usijue lipi ni la nani. Programu ya kulinganisha faili kama WinMerge inatosha, au `diff -r safi iliyoguswa`. Ukikuta msimbo uliofichwa kwa base64 (mfululizo wa herufi na namba usiosomeka) ambao themu safi haina, simama hapo: hilo si suala la themu tena, mmeingiliwa.

Sasa tengeneza folda ya themu mtoto, yaani themu ndogo inayorithi kila kitu cha themu mama (hiyo iliyopo) na kubeba mabadiliko yenu tu, ndani ya wp-content/themes. Style.css yake inahitaji mistari miwili tu:

`/*`
`Theme Name: Safari Mtoto`
`Template: jina-la-folda-ya-mama`
`*/`

Hapo kwenye Template wengi huandika jina linaloonekana kwenye dashibodi. Linalotakiwa ni jina la folda, herufi kwa herufi, la sivyo WordPress itadai themu mama haipo.

Header.php iliyobadilishwa nakili nzima kwa mtoto. Itatumika badala ya ya mama. Functions.php ni kinyume: zote mbili husomwa, ya mtoto ikitangulia. Hamishia vipande vilivyoongezwa tu. Ukinakili yote, majina ya function yatagongana na utapata ukurasa mweupe au ujumbe wa hitilafu kubwa.

sakina_php:
Hapo kwenye CSS pana mtego. Kama mama anaita mtindo wake kwa get_stylesheet_uri(), ukiwasha mtoto itasomwa ya mtoto peke yake na tovuti itabaki uchi. Ongeza ya mama kwa wp_enqueue_style ukitumia `get_template_directory_uri() . '/style.css'`. Kama mama anajiita mwenyewe tayari, basi ongeza ya mtoto.

La pili, mipangilio ya Customizer, sehemu ya dashibodi ya kurekebisha muonekano (nembo, rangi, nafasi za menyu, CSS ya ziada) huhifadhiwa kwa jina la themu. Ukiwasha mtoto itaonekana imepotea. Haijapotea, iko kwenye hifadhidata, jedwali la wp_options, chini ya theme_mods_ na jina la folda ya mama; CSS ya ziada yenyewe iko kwenye wp_posts. Piga picha za skrini kabla, au uinakili kwa WP-CLI (zana ya kuendesha WordPress kwa amri).

njiro_web:
Asanteni sana. WP-CLI hosti hawana. Je, nikishakuwa na mtoto, naweza kuwasha sasisho la moja kwa moja nikasahau?

kibosho_dev:
Hapana, kwa sababu ya ile header.php. Nakala ya mtoto haisasishwi. Tundu likizibwa kwenye header.php ya mama, yako inabaki nalo. Kila toleo jipya linganisha faili ulizonakili, kwa hiyo nakili chache. Kama badiliko lilikuwa namba ya WhatsApp au msimbo wa takwimu, tumia hook (sehemu ya kuchomeka msimbo bila kugusa faili ya mama) ya wp_head au wp_footer, uachane na nakala kabisa.

Jaribu yote kwanza kwenye sabdomeni, yenye hifadhidata yake na iliyofungwa kwa nywila. Angalia fomu ya kuulizia safari na ukurasa wa malipo. Ukurasa wa mbele hudanganya.

sakina_php:
Na muda wa kufanya hivi, wateja wa nje wakiwa wamelala: saa 12 asubuhi ya Arusha, mwezi wa sita, Ujerumani ni saa 11 alfajiri na New York saa 5 usiku. Badiliko kubwa kama hili lingefaa masika, wageni wakiwa wachache, lakini la usalama halisubiri msimu. Uwe na File Manager ya cPanel wazi pembeni. Tovuti ikianguka, badilisha jina la folda ya themu mtoto, ingia wp-admin, uwashe themu nyingine. Ukimaliza safisha kashe, usije ukatafuta kosa lisilokuwepo.