Naomba ushauri: kipimamvua cha silinda au cha kibakuli?

Wakuu, naombeni ushauri: naweka vifaa vya kupimia hali ya hewa nyumbani. Kipimajoto si tatizo: kitakaa kwenye kisanduku cheupe chenye matundu ya hewa, mita 1.5 juu ya nyasi, maana kikipigwa jua kinasoma joto lake chenyewe, si la hewa.

Ninapokwama ni kipimamvua. Cha kibakuli, ambacho kila kikijaa hupinduka na kuhesabiwa, hujirekodi chenyewe, lakini jani moja au utando wa buibui kwenye tundu la faneli unatosha kukiziba, na mvua ya kasi hukifanya kihesabu pungufu. Cha silinda, mdomo sentimita 10, nakiamini zaidi, ila lazima kisomwe kila asubuhi. Ukuta ulio karibu una kimo cha mita 2, kwa hiyo kipimamvua kitasimama mita 4 kutoka hapo, mara mbili ya kimo hicho, ili usikizuilie mvua.

Wenye vyote viwili, kwenye mvua kubwa vinapishana milimita ngapi?